Wodi ya Mawaridi

"Wewe si umesoma viumbe hai," Bibi Nesi aliniambia asubuhi moja, ameinama, kisu kidogo cha upasuaji mkononi. "Haya, niambie. Nikikata tawi hili nikalichomeka pale, likaota, lile ni mtoto wa huyu, au ni huyu huyu?"

Nilikuwa nimerudi Mlabani, mtaa wetu wa Ifakara, na shahada yangu ya sayansi na mdomo uliozoea kuuliza, si kuulizwa. Nikaanza habari za seli na vinasaba. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha, kisha akasema, "Hapo umenieleza inatokeaje. Mimi nimekuuliza ni nani."

Akakata tawi. Akafuta kisu kwa pamba yenye spiriti. Nikasimama pale kama mtu aliyesahau alichofuata dukani.

Mtaani kwetu kila mtu alimwita Bibi Nesi, hata padre. Alikuwa amestaafu kabla mimi sijaanza shule, lakini ustaafu wake ulikuwa wa karatasi tu. Sijui alizaliwa wapi wala kwao ni wapi hasa. Wengine walisema Mahenge, wengine walisema Chita. Niliuliza karibu kila kitu kingine katika maisha yangu, hilo sikuwahi kuliuliza. Nilichojua ni mikono yake, sauti yake, na lile tuta mbele ya nyumba.

Tuta lilikuwa kati ya ukuta na barabara ya vumbi, limeinuliwa hadi nusu ya muundi, limezungushiwa matofali ya kuchoma. Juu yake miche kumi na miwili ya waridi, safu mbili za sita. Si yale mawaridi marefu ya kwenye kadi za harusi. Haya yalikuwa mafupi, hayapiti goti, matawi yamebanana, maua yanatoka kwa vichala. Na yalikuwa na kituko. Ua lilifunguka likiwa la njano, siku ya pili au ya tatu likawa rangi ya chungwa, na kufikia kudondoka lilikuwa jekundu. Kwa hiyo mche mmoja ulibeba rangi zote tatu kwa wakati mmoja, kama kamba iliyoanikwa khanga. Madereva wa bodaboda walisimama wakauliza ni rangi ya kupaka. Bibi alikuwa akiwajibu, "Ndiyo, ya nyumba. Njoo kesho na brashi."

Udongo wetu ni wa mpunga. Ni mweusi, mzito, ukilowa unang'ang'ania kiatu, ukikauka unapasuka mpaka unaweza kuingiza mkono. Waridi halitaki udongo huo. Bibi Nesi aliuchanganya na mchanga wa mto Lumemo, ndoo kwa ndoo, na samadi iliyokaa mwaka mzima. Samadi aliletewa na Luhende, mfugaji wa Kisukuma aliyekuwa na boma nje ya mji. Wawili hawa walitaniana kila walipokutana.

"Mwangaluka, baba wa mavi," Bibi alimwamkia.

"Mwangaluka, bibi wa miiba. Unakula lini haya maua yako?"

"Siku ng'ombe wako wakijifunza kusoma kibao cha hospitali."

Kila mche ulikuwa na namba, kuanzia mlangoni, na aliziita vitanda. Kitanda namba moja, kitanda namba mbili. Saa kumi na mbili asubuhi alinawa mikono kwa sabuni, akavaa sweta lake la buluu hata kwenye joto la Novemba, akapita raundi. Alimwagilia miguuni, kamwe si juu ya majani. "Mgonjwa humnyweshi kwa kummwagia usoni," alisema. Jani lenye madoa meusi alilichuma, akalitia kwenye kopo, akalichoma mwenyewe. Vidukari aliwaosha kwa maji ya sabuni. Kisha aliketi barazani akaandika kwenye daftari la shule: *Namba 3 ametoa matumba manne. Namba 9 hana hamu.*

"Mmea unakosaje hamu?" nilimuuliza.

"Mtazame."

Nikatazama. Kweli namba tisa alikuwa kama mtu aliyeitwa mara mbili hajaitika. Lakini sikukubali kwa mdomo. Kukubali kwa macho tu hakukuwa sayansi.

Mwanamke huyu aliyenawa mikono kabla ya kugusa ua alikuwa anavuta ugoro. Aliuficha kwenye kopo la poda ya watoto, na alipopiga chafya alisema ni vumbi. Alikuwa wa kwanza kanisani kila Jumapili, kiti cha mbele, lakini kwaya walipokuja kuomba maua ya altare kwa sikukuu ya Ekaristi aliwakatalia pale pale mlangoni.

"Bibi, ni kwa ajili ya Mungu," mwenyekiti wa kwaya alisema.

"Mungu ndiye kayafanya. Atakuwa ameshayaona."

Vijiti vya kupanda ndiyo kabisa, hakumpa mtu. Watu walisema ni bora umuombe figo. Kamati za harusi zilimnunia. Lakini siku ng'ombe wawili wa Luhende walipopita usiku wakala namba nne na namba tano mpaka shinani, na mtaa mzima ukatoka asubuhi kuja kushuhudia vita, Bibi alichukua daftari, akavaa miwani, akaandika kwa sauti: "Namba nne na namba tano, wamefariki. Sababu: ng'ombe." Akafunga daftari. Luhende alikuwa amesimama na kofia mikononi, jasho linamtoka.

"Bibi, sema unachotaka, nitalipa."

"Samadi mpaka nife. Na wewe usife kabla yangu."

Ndiyo hukumu nzima. Alipandikiza vijiti viwili vipya kutoka kwa namba sita, na baada ya miezi michache usingejua kitanda kipi kilifiwa.

Alikuwa mkweli kwa namna ambayo mtaa haukuipenda sana. Kulikuwa na mzee jirani aliyerudishwa kutoka hospitali tumbo limejaa maji. Wanawe walikuwa wanamwambia kila siku utapona, baba, utavuna mwaka huu. Bibi Nesi alikwenda kumjulia hali, mimi nimembebea mkoba. Mzee akamshika mkono. "Nesi. Nitavuna?"

"Hutavuna," alimwambia, taratibu kama anayetaja saa. "Waite wanao leo uwagawie shamba. Sauti bado unayo."

Wanawe walitutoa nje karibu kwa mateke. Njiani nilimgeukia. "Kwa nini usingemwacha na matumaini?"

"Aliniuliza. Wengine wote aliwauliza wakajijibu wao wenyewe. Mimi nilimjibu yeye."

Mzee aligawa shamba siku ya pili. Alizikwa kabla mpunga haujachanua, na mpaka leo wale ndugu wanalima mpaka mmoja bila kushikiana panga. Lakini hawakumsalimia Bibi Nesi kwa msimu mzima.

Mimi nilikuwa nasubiri ajira. Nilituma maombi kila wiki, nilizunguka nyumba za watu kujaza madodoso ya mradi mmoja ulioisha haraka, na asubuhi, kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, nilikwenda kwa Bibi Nesi kubishana. Nilibishana kuhusu majivu aliyonyunyiza shinani. Nilibishana kuhusu spiriti, mpaka aliponionyesha jinsi weusi unavyotembea kwenye tawi lililokatwa kwa kisu kichafu. Kuhusu chai nilishinda. Alikuwa anamimina masalia ya chai shinani kila jioni, akisema yanakoleza rangi. Nikamwomba aache miche sita bila chai, sita na chai, miezi miwili. Alikubali. Tulihesabu matumba pamoja. Hakukuwa na tofauti yoyote.

Alizitazama namba zile kwa muda. "Basi," alisema. Tangu siku hiyo hakumimina tena chai, akawa anakunywa vikombe viwili.

Sijawahi kumheshimu mtu mzima kama nilivyomheshimu jioni ile. Wahadhiri wangu wangeandika sababu kumi za kujitetea. Na hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, kwa sababu mtu akishinda mara moja huanza kudhani anajua njia ya kushinda.

Mguu wake ndio uliomtoa Ifakara. Alichomwa na waya akiziba uzio dhidi ya ng'ombe, na yeye aliyekuwa akikagua mikono ya watu wote hakuuonyesha mguu wake kwa mtu. Alikuwa na sukari, hakusema. Nilipoona anaburuta kandambili, kidole kilikuwa kimebadilika rangi. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuja kutoka Kigamboni na gari. Kidole kilikatwa Dar es Salaam, na binti akasema mama harudi tena kuishi peke yake.

Siku ya kuondoka, mwezi wa nane, alinikabidhi daftari, kisu na chupa ya spiriti. "Raundi saa kumi na mbili," alisema. "Usinifanyie ubunifu."

Nilikuwa na siku ishirini hivi za utiifu. Kisha joto likaja. Tuta lile la juu lilikunywa ndoo nne kila asubuhi na kufika saa nne lilikuwa limekauka kama hakuna aliyepita. Maji yalichuruzika kwenye mianya ya matofali yakaenda barabarani. Nikajiuliza, kwa nini mtu apande kitu juu ya kilima halafu abebe maji kukipandishia? Kwetu tunalima kwa kushusha na kuzungushia. Baba yangu amelima mpunga maisha yake yote. Najua kujenga kingo za jaruba tangu nikiwa na miaka saba. Nikaondoa matofali, nikashusha tuta likawa sawa na ardhi, nikalizungushia kingo safi za udongo mweusi, nikazipigapiga kwa nyuma ya jembe zikang'aa. Sasa ndoo nne zilitosha siku tatu. Majani yakanenepa. Oktoba yote mawaridi yalichanua kuliko nilivyowahi kuyaona.

Baba alipita na baiskeli, akasimama. "Hapo sasa umefanya kazi," alisema. "Yule Nesi alikuwa anapanda waridi kama anazika mtu."

Bibi alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya misa. "Namba saba anaendeleaje?" "Ana matumba, Bibi." "Na namba tisa?" "Ana hamu." Alicheka. Sikumwambia kuhusu kingo. Nilikuwa namwekea zawadi, kama ile ya chai. Nilitaka aje ahesabu mwenyewe.

Desemba mvua zikaanza, na zilianza kwa nguvu. Maji yakajaa ndani ya kingo zangu yakatulia, yanaakisi mbingu. Nitasema jambo ambalo mtu asiyetoka bondeni hawezi kulielewa: niliyaona yale maji yaliyosimama na moyo wangu ukafurahi. Tumefundishwa kufurahi. Maji yakisimama shambani, mwaka huo utakula. Ilinichukua siku tisa kukumbuka kwamba haukuwa mpunga.

Nilipobomoa kingo majani yalikuwa yameshakuwa manjano, yanadondoka kwa kuguswa. Weusi ulikuwa unapanda kutoka chini, shina kwa shina. Niling'oa namba saba kuangalia mizizi. Ilikuwa laini, inanuka kama maji ya kuloweka muhogo. Jumapili simu ikalia.

"Namba saba?"

"Anaendelea vizuri, Bibi."

Jumapili tatu nilijibu hivyo. Kufikia ya nne yeye ndiye alikuwa na la kusema.

"Binti yangu anataka kuweka vitofali vya pevingi uwanja mzima," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Kwanza nilidhani ni mtandao. "Anasema mchanga unaingia sebuleni. Kuna kona moja tu nimemwomba. Nimemwambia nitapanda waridi langu. Kanipa mpaka Pasaka. Likiota, kona ni yangu. Lisipoota, fundi anatandaza mpaka ukutani."

"Bibi, huko ni mchanga mtupu. Na upepo wa chumvi."

"Najua. Sikiliza, mwanangu. Huku naamshwa, napimwa, nanyweshwa, naketishwa mbele ya runinga. Huku mimi ni mgonjwa tu. Niletee vijiti, niwe na wa kumhudumia."

Kwenye miche kumi na miwili nilipata ncha tisa ambazo bado zilikuwa na ubichi. Nilizikata kwa kisu chake, nikafuta kwa spiriti kila mara, nikazifunga kwenye khanga iliyolowa. Basi lilipita Kidatu, likapita Mikumi, mimi nimeupakata mzigo kama mtoto mwenye homa, kila mara nachungulia.

Nyumba ya Kigamboni ilikuwa nzuri, yenye madirisha makubwa ambayo vioo vyake vilikuwa na ukungu mweupe wa chumvi. Bibi Nesi alikuwa uani kwenye kiti cha plastiki, mguu umefungwa. Nikapiga shikamoo, akaitikia marahaba huku mkono umeshanyooshwa kwenye khanga. Aliifungua mapajani. Alichukua kijiti kimoja akakinusa.

"Hawa wamekaa kwenye maji," alisema.

Nilimweleza yote. Kingo, Oktoba, siku tisa. Nililia, jambo ambalo sikulipanga. Alingoja nimalize.

"Wangapi?"

"Wote kumi na wawili."

"Kwa nini ulishusha tuta?"

"Maji yalikuwa yanapotea, Bibi."

"Hayakuwa yanapotea," alisema. "Yalikuwa yanaondoka."

Akaomba daftari. Nililileta, nilikuwa nalo mkobani. Alivaa miwani akaandika polepole, na mimi nikasubiri kuona jina langu likiingia pale. *Vitanda 1 hadi 12, wamefariki. Sababu: maji.* Akapiga mstari.

Siku mbili tulifanya kazi ile kona. Alielekeza, mimi nikachimba. Tuliweka makumbi ya nazi yaliyosagwa ili mchanga ushike maji kidogo, na samadi iliyonunuliwa kwenye magunia, ambayo aliinusa akasema Luhende angewashtaki. Upande wa baharini tulisimamisha kiambaza cha makuti kuzuia upepo. Vijiti tisa, kwa mstari, vimeinama kidogo, kila kimoja na kopo la plastiki juu yake. Binti yake alitoka na chai, akasimama akatutazama.

"Mama, hivi kweli?"

"Pasaka," mama yake alimjibu. "Tulikubaliana Pasaka."

Nilirudi Ifakara. Jumapili sasa zilibadilika: yeye ndiye aliyetoa ripoti, mimi ndiye niliyesikiliza. "Namba mbili ametoa jani." Wiki mbili baadaye: "Namba sita naye." Sauti yake ilikuwa inapata uzito kila wiki. Februari alikuwa anagombana na mfanyakazi wa ndani kuhusu maji ya sabuni. Machi alisema, "Namba moja ana tumba," nikakaa chini pale pale nilipokuwa, sokoni, kwenye gunia la mchele wa mtu.

Nilikwenda Jumamosi ya Pasaka. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomwona.

Alinipokea amesimama, na fimbo, amevaa lile sweta la buluu. Alinielekeza kwa kidevu. Kwenye kona, nyuma ya makuti, miche tisa, mifupi, imebanana, na maua. Njano, na njano inayoelekea chungwa. Fundi alikuwa ameshatandaza uwanja wote, na alipofika pale alizunguka akaacha nusu duara ya udongo, ukingo wake umekatwa vizuri kwa tofali ndogo. Nilichuchumaa nikaitazama miche. Mashina yalikuwa manene kuliko nilivyotegemea kwa miezi mitatu.

"Mikono yako, Bibi," nilisema.

"Nilinawa," alisema.

"Lakini mbona hakuna jekundu? Hata moja?"

"Chumvi."

"Chumvi inafanyaje?"

"Inalidondosha ua kabla rangi haijaiva. Si umesoma wewe? Nenda kachunguze."

Nikacheka. Mimi ninayedai ushahidi wa majivu, niliyehesabu matumba kwa ajili ya chai, nikalichukua jibu hilo nikaliweka moyoni bila kuligeuza upande wa pili. Binti yake alikuwa mlangoni na trei ya juisi. Alimtazama mama yake, akaiweka trei kwenye ngazi, akarudi ndani.

Jioni Bibi Nesi alifanya jambo ambalo Mlabani nzima isingeliamini. Alinikatia vijiti vitano. Mimi sikuomba. Alivifunga mwenyewe kwenye kitambaa chenye maji, na alipokuwa anafunga aliniambia, "Ukishusha tuta nitasikia huku huku."

"Sishushi."

"Na upande. Usiogope kuua. Nesi anayeogopa kufiwa akauze duka."

Alifariki mwaka uliofuata. Tulimzika Ifakara, na Luhende alikuja na kofia mikononi akasimama nyuma ya watu. Mimi nilipata kazi hapa hapa, ya kitalu cha miti, na mawaridi yangu yaliota yote matano. Nimeyainua hadi nusu ya muundi, nimeyapa mchanga wa mto. Watu wanayaita mawaridi ya Bibi Nesi, wanakuja kuomba vijiti, nawapa. Yapo sasa kwenye nyumba nyingi kutoka Mlabani mpaka barabara kuu. Ni ya njano, kisha chungwa. Nimemweleza kila aliyeuliza kwamba jekundu lilipotea kwa chumvi ya pwani.

Binti yake alikuja mwaka huu kuikabidhi nyumba ya mama yake kwa mnunuzi. Alipita kwangu kunisalimia, akasimama kwenye tuta, akaona maua, akauliza nimeyatoa wapi. Nikamwambia, dada, si ndiyo yale ya mama, ya kwenye kona yako. Akashika begi lake kwa mikono yote miwili.

"Vile vijiti vyako vilikauka vyote tisa kabla mwezi haujaisha," alisema. "Hayo tuliyanunua kwa muuza miche wa barabarani, Alhamisi Kuu, yakiwa na maua tayari. Mama alikataa kukaa kwenye gari. Aliyachagua mwenyewe, na mguu wake ule, akanikataza nisikuambie."